Uma, Kitana au Kisu: Kuchagua Kifaa cha Kupasulia Mafini ya Kiingereza

Mafini ya Kiingereza si ile keki ndogo tamu inayookwa ndani ya kikombe cha karatasi. Ni mkate bapa wa hamira, wa mviringo, wenye upana wa sentimita 8 hadi 10 na unene wa sentimita 2.5 hadi 4. Huivishwa juu ya chuma bapa au kikaangio kwa moto mdogo, upande mmoja kisha wa pili. Ndiyo maana uso wa juu na wa chini huwa na ganda la kahawia, huku ubavu ukibaki mweupe na laini. Huo ubavu ndio mlango. Kifaa chochote utakachonunua, au utakachokitoa kwenye droo, kazi yake ni kuingia hapo na kuifungua mafini vipande viwili bila kuharibu kilichomo ndani.

Na kilichomo ndani ni matundu. Donge la mafini hukandwa likiwa na maji mengi, mara nyingi gramu 75 hadi 85 za maji kwa kila gramu 100 za unga, na kwa sababu hiyo gesi ya hamira hupata nafasi ya kujitanua na kuacha matundu makubwa kwa madogo yasiyolingana. Ukiitenganisha mafini kwa kuivuta, inaachia pale palipo dhaifu, yaani kwenye kuta nyembamba za matundu hayo, na uso unabaki na vilima na mabonde. Kwenye tosta vilima hushika rangi kwanza na kukauka; mabonde hubaki laini na kuishika siagi iliyoyeyuka. Kisu hufanya kinyume chake. Bapa la kisu hukandamiza na kusugua, kuta za matundu hulala na kujibandika, na unapata uso laini kama wa boflo: siagi inaelea juu na kuchuruzika pembeni. Jambo hili si geni. Kitabu kimoja cha mapishi kilichochapwa London mwaka 1747 kinamwelekeza mpishi aifungue mafini kwa mkono ili ndani ionekane kama sega la asali, na kinaonya kwamba ikiguswa na kisu itakuwa nzito kama risasi.

Kwa hiyo swali si kifaa gani kina makali zaidi. Swali ni kifaa gani kinatoboa bila kukata, na kinafika katikati.

Pima mafini kabla ya kuchagua kifaa

Chukua rula. Pima upana wa mafini unazotumia mara kwa mara, kisha gawanya kwa mbili. Ikiwa upana ni sentimita 9, nusu yake ni sentimita 4.5, na huo ndio urefu wa chini kabisa wa meno ya kifaa kinachoingizwa kutoka ubavuni kuzunguka pande zote. Meno yakiwa mafupi ya hapo, katikati panabaki kiini kisichotobolewa. Hesabu yake ni rahisi: meno ya sentimita 4 kwenye mafini ya sentimita 9 yanaacha kiini cha upana wa sentimita 1, ambacho kitaachia chenyewe ukivuta. Meno ya sentimita 3.5 kwenye mafini ya sentimita 10 yanaacha kiini cha sentimita 3, na hicho hakiachii kwa heshima. Kinang'oka na kuondoka na nusu ya upande wa pili.

Kipimo cha pili ni unyoofu. Laza rula juu ya meno ya kifaa, kutoka shina hadi ncha. Nafasi kati ya rula na jino ikizidi milimita 5 mahali popote, jino limepinda mno. Likiingia kwenye mafini litafuata mpindo wake: ukianzia katikati ya ubavu, ncha itatokea karibu na ganda la juu au la chini, na utapata kipande kimoja chenye shimo kama bakuli na kingine chenye kinundu. Watu wengi huulaumu mkono wao kwa kosa hili, kumbe ni la uma.

Cha tatu ni unene wa meno na nafasi kati yake. Jino la unene wa milimita 1.5 hadi 2 linatosha. Likizidi milimita 3 linaanza kusukuma mkate badala ya kuupenya, na ubavu unavimba na kupasuka kabla ncha haijafika ndani. Nafasi ya milimita 4 au 5 kati ya jino na jino ni nzuri, kwa sababu huacha utepe mdogo wa mkate usioguswa. Huo utepe ndio unaochanika na kutoa vilima. Meno yaliyobanana sana hufanya kazi kama kisu butu.

Uma wa mezani

Kwa anayefungua mafini mbili tatu asubuhi, hakuna haja ya kununua kitu. Uma wa kawaida wa mezani wenye meno manne huwa na meno ya sentimita 4.5 hadi 5.5, na hilo linatosha kwa mafini nyingi. Uma mdogo wa keki haufai, meno yake ni mafupi. Uma mkubwa wa meno mawili wa kushikia nyama una urefu wa kutosha, lakini nafasi kati ya meno ni pana mno na ncha zake ni nene. Unaishia kuitoboa mafini kama mtu anayetafuta kitu ndani yake.

Ukiwa na seti kadhaa nyumbani, zitoe zote uzilinganishe. Chagua uma ambao meno yake yamenyooka, yana ncha nyembamba, na hayana kingo kali zilizoachwa kiwandani. Kisha bonyeza ncha moja kwa kidole gumba: ikipinda na kubaki imepinda, uma huo ni wa bati laini na utaharibika haraka. Chuma kisichoshika kutu chenye alama ya 18/10 (asilimia ya kromiamu na ya nikeli) huvumilia unyevu na chumvi vizuri zaidi kuliko cha 18/0, ingawa kwa kazi hii ugumu wa meno una maana zaidi kuliko alama.

Kitana cha chuma

Hiki ndicho kifaa cha kununua ikiwa unafungua mafini sita au zaidi kwa mara moja, au ikiwa mafini zako ni za kutengeneza nyumbani zenye upana wa sentimita 10 kwenda juu. Ni mpini wenye safu moja ya meno marefu, membamba, yaliyonyooka, mfano wa kitana cha nywele kilichotengenezwa kwa waya mgumu. Kingi kati ya hivi kilibuniwa kukatia keki nyepesi ya ute wa mayai, ambayo kisu huibana ikabonyea. Tatizo la keki ile na la mafini ni moja, basi dawa nayo ni moja.

Unapokichagua, angalia hivi:

1. Urefu wa meno uwe sentimita 9 hadi 11, na usipungue upana wa mafini zako. Hapa hatuhesabu nusu ya upana, kwa sababu kitana huvuka mafini nzima kutoka ubavu mmoja hadi wa pili.
2. Upana wa safu ya meno usipungue sentimita 7. Kikiwa chembamba kuliko hapo, utalazimika kukiingiza mara nyingi na faida yake juu ya uma inapotea.
3. Meno yawe ya mviringo kama sindano ya kufumia, si mabati yaliyochanwa. Bati lililochanwa lina kona kali nne, na kona hizo hukata.
4. Shika jino la mwisho la kila upande ulitikise. Likicheza kwenye mpini wa plastiki leo, baada ya muda litatoka lote.
5. Kiangalie kutokea ubavuni, usawa wa jicho. Meno yote yaonekane kama mstari mmoja. Jino moja lililopanda juu litachora mfereji wake peke yake ndani ya mafini.

Meno ya plastiki hayafai kabisa. Hunepa kwenye ganda la ubavu la mafini iliyolala siku mbili, na yakinepa huelekea popote.

Vifaa vingine, kwa ufupi

Kuna koleo lenye safu mbili za meno yanayoingia pamoja na kisha kuachana ukibana mpini. Linafanya kazi yake vizuri, ila linafaa kazi hiyo moja tu na hula nafasi ya droo. Ukiliona, hakikisha meno yake yana angalau sentimita 4.5 na kwamba bawaba inaweza kuoshwa, kwa sababu makombo yakiingia humo huota ukungu.

Kile kikatio cha begeli (mkate wa duara wenye tundu katikati) chenye kisu kinachoshuka kama nyundo ndani ya fremu ni salama kwa vidole, lakini kinakata. Matokeo yake ni yale yale ya kisu, tena ya haraka.

Vijiti vya meno vinaweza kuokoa hali pasipo na uma. Kijiti cha mbao huwa na urefu wa takriban sentimita 6.5, kwa hiyo kinafika katikati. Toboa kila baada ya milimita 5 kuzunguka ubavu, na uhesabu vijiti mwishoni. Hili la kuhesabu si mzaha. Kijiti kilichovunjikia ndani ya mkate hakionekani.

Vidole peke yake vinatosha kwa mafini za kiwandani zilizokwisha kutobolewa ubavuni, na nyingi huuzwa hivyo. Hata hivyo mitobo ya kiwandani haifiki katikati kila mara. Ukihisi katikati pagumu, ingiza uma mara tatu nne ukifuata mstari uleule, usianzishe mstari wako.

Kisu kina nafasi mbili tu hapa. Ya kwanza ni kwa mafini isiyo na gluteni (protini ya ngano inayofanya donge livutike), ambayo mara nyingi haina nyuzi za kuvutika, hivyo uma huivunja vipande. Hiyo ikate kwa kisu cha mkate chenye meno ya msumeno. Ya pili ni ubavu uliokauka na kuwa mgumu. Chora ganda tu, kina cha sentimita 1 kuzunguka, kisha weka kisu chini umalizie kwa uma.

Hali ya mafini yenyewe

Kifaa kizuri hakiokoi mafini iliyofunguliwa wakati usiofaa. Mafini iliyotoka kwenye moto sasa hivi bado ina mvuke ndani na wanga wake haujashika. Ukiifungua itanata kama ugali mbichi na matundu yatafunga. Isubirishe dakika 30 hadi 45 juu ya waya wa kupozea, hadi chini yake pasihisike joto mkononi. Ikiwa hata baada ya kupoa bado inanata kwenye meno ya uma, haikuiva. Mafini iliyoiva hufikia nyuzi joto 93 hadi 96 katikati, na kipimajoto cha kuchoma kitakuambia mara moja.

Iliyokaa kwenye friji ina shida tofauti. Ubaridi wa friji huharakisha wanga kukakamaa, na mafini inakuwa ya kumegeka: uma unaingia, lakini ukivuta unapata makombo. Ipashe kwenye maikrowevu sekunde 10 hadi 15, au kwenye kikaangio kikavu dakika moja kila upande, ndipo uitoboe. Iliyoganda kwenye friza usiiguse kwa uma hata kidogo. Ama meno yatapinda ama uma utateleza. Iache iyeyuke, au maikrowevu sekunde 20 hadi 30. Afadhali zaidi, zifungue kabla ya kuzigandisha, uweke karatasi ya kuokea kati ya nusu mbili, na asubuhi unazitia kwenye tosta moja kwa moja.

Kufungua kwa uma, hatua kwa hatua

1. Kung'uta mafini. Unga wa mahindi au semolina uliopakwa chini yake ukiingia kwenye tosta huungua na kutoa moshi.
2. Ilaze juu ya ubao. Usiishike kiganjani huku ukisukuma uma kuelekea kiganja. Mkate laini huachia ghafla, na meno manne hayaulizi.
3. Weka kiganja juu yake kikiwa kimenyooka, vidole vimeinuliwa. Kazi ya kiganja ni kuizuia isizunguke, si kuikandamiza. Ukiona imeshuka chini ya mkono, umebonyeza mno.
4. Kwa ncha ya jino moja, weka alama nne kwenye ubavu, kila robo ya mzunguko, zote katikati ya unene. Inama utazame usawa wa jicho. Mafini ya unene wa sentimita 3 ina alama zake kwenye sentimita 1.5.
5. Laza uma sambamba na ubao na uingize kwenye alama ya kwanza hadi shina la meno. Ikiwa huna budi kutumia uma uliopinda, elekeza tumbo lake chini na uanzie milimita 3 chini ya alama, ili ncha zikipanda zikutane na katikati.
6. Utoe kwa njia uliyoingilia. Usiuinue mpini kama mtu anayefungua kopo. Hilo ndilo kosa linalong'oa kifuniko: nguvu yote inaangukia sehemu moja, na ganda la juu linapasuka kuelekea katikati.
7. Zungusha mafini, toboa tena pembeni ya pale ulipotoboa. Uma wa kawaida una upana wa takriban sentimita 2.5, na mzingo wa mafini ya sentimita 9 ni kama sentimita 28, kwa hiyo tarajia kuingiza mara 11 au 12. Ukimaliza kwa mara sita, umeruka sehemu.
8. Inua mafini, shika juu na chini kwa vidole, uivute taratibu huku ukiizungusha. Ikigoma mahali, simama, rudisha uma hapohapo.

Kwa kitana

Hatua za kung'uta, kulaza na kuweka alama ni zilezile. Tofauti ni kwamba ncha zitatokea upande wa pili, kwa hiyo kiganja kinabaki juu na hakuna kidole kinachoshuka ubavuni, hata kwa sekunde. Sukuma polepole kwa nguvu moja, bila kusugua mbele na nyuma kama msumeno. Ncha zikitokeza, toa kitana, zungusha mafini robo ya mzunguko, uingize tena.

Mara hii ya pili watu huiona ni ya ziada. Ya kwanza inaacha vijia vinavyoenda sambamba na tepe za mkate kati yake, na ukivuta wakati huo mafini inachanika kirahisi upande mmoja na kugoma upande mwingine. Ya pili inazikata tepe hizo kwa kukingama. Baada yake mafini inafunguka kwa uzito wa mkono tu.

Ikienda vibaya

Nusu moja nyembamba, nyingine nene: mpini wa kifaa ulikuwa juu au chini kuliko ncha. Usizitie kwenye tosta pamoja, kwani nyembamba itaungua wakati nene bado haijashika rangi. Itangulize nene, kama nusu dakika.

Shimo katikati ya kipande kimoja na kinundu kwenye kingine: meno mafupi au yaliyopinda. Kinundu usikikate, kibonyeze kidogo kwa mgongo wa kijiko ili kisiguse waya za tosta.

Uso uko laini, bila matundu, ingawa hukutumia kisu: mara nyingi kosa liko kwenye donge, halikuwa na maji ya kutosha au lilikandamizwa baada ya kuumuka. Hakuna kifaa kitakachotengeneza matundu yasiyokuwapo. Kama mafini za aina nyingine zinafunguka vizuri kwa kifaa hichohicho, jibu umelipata.

Ganda la juu limepasuka: rudi hatua ya 6.

Ipo pia njia ya zamani ya Uingereza, ya kuichoma mafini nzima pande zote mbili na kuifungua baadaye. Inahitaji kifaa kidogo kuliko zote, kwa kuwa unatoboa ubavu kina cha sentimita 1.5 tu kabla ya kuchoma, na joto linalainisha kilichobaki. Ndani inabaki nyeupe na laini, siagi inayeyukia humo humo, lakini usitarajie vilima vikavu vya kahawia.

Utunzaji

Osha mara baada ya kutumia, kabla makombo hayajakauka kwenye shina la meno. Kitana kipitishie brashi ya chupa kutoka mpini kuelekea ncha, si kinyume chake, la sivyo utajichoma. Chenye mpini wa plastiki au wa mbao kisiingie kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Joto hulegeza meno. Jino likipinda kidogo linanyooshwa kwa koleo lililofunikwa kwa kitambaa, mara moja, mara mbili. Zaidi ya hapo chuma huchoka na kukatika. Kihifadhi ndani ya ala ya kadibodi iliyokunjwa, ncha zikiwa zimefunikwa, ili mkono unaotafuta kijiko kwenye droo usikutane nazo kwanza.